Maswali ya Wasomaji: Kuchunguza Athari za Ufugaji wa Kome Baharini

SWALI: Mhariri, salamu. Kikundi chetu kimeomba kibali cha kufuga kome kwa kamba katika ghuba ndogo, nasi tumeagizwa tuwasilishe kwanza vipimo vya sakafu ya bahari vya mwaka mzima. Kome hawalishwi chakula wala kupewa dawa, na inajulikana kwamba wao husafisha maji. Je, agizo hili si la kutupotezea muda na fedha?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba kome halishwi, na kwa sababu hiyo ufugaji wake kwa kawaida una madhara madogo kuliko ule wa samaki wa vizimbani, ambako chakula kinachomwagwa kila siku huongeza virutubisho ambavyo havikuwapo majini. Hata hivyo, kinachoondolewa majini hakipotei. Kome mmoja mzima anaweza kuchuja lita 2 hadi 5 za maji kwa saa, akinasa planktoni (viumbe wadogo sana wanaoelea majini) na chembe nyingine zinazoelea. Sehemu ya chakula hicho hugeuka nyama na kombe, nyingine hutoka kama kinyesi, na chembe asizozitaka huzitema zikiwa zimefungwa kwa ute kabla hata hazijafika tumboni. Hivyo chembe ambazo zingeelea kwa siku nyingi huwa vidonge vizito, vinavyozama upesi na kutua karibu na kamba. Kwa ufupi, maji ya juu huwa maangavu kwa sababu mzigo wake umehamishiwa chini, na huko chini ndiko uchunguzi unakopaswa kuanzia.

Kuhusu mwaka mzima kabla ya kuanza, mimi nauunga mkono bila kusita. Zipo ghuba zenye tope jeusi lenye harufu hata kabla ya kamba ya kwanza kutundikwa, ama kwa sababu mto hushusha udongo na majani humo, ama kwa sababu maji yake hayaendi kasi. Miaka mitatu baadaye mvuvi jirani akilalamika kwamba mmeharibu sakafu, hamtakuwa na la kumjibu iwapo hamkuipima kabla. Na kama kweli mmeiharibu, yeye naye hatakuwa na la kuthibitisha. Vipimo vya siku moja havitoshi, kwa kuwa tope la msimu wa mvua si lile la kiangazi, na wanyama wanaoishi ndani yake huongezeka na kupungua kwa majira.

SWALI: Tukikubali kupima, tupime nini na wapi? Bajeti yetu ni ndogo.

JIBU: Kama fedha zingetosha kipimo kimoja tu, ningechagua tope badala ya maji. Maji yaliyochotwa asubuhi yanaweza kuwa yameshatoka ghubani jioni pamoja na maji kupwa, ilhali tope hutunza alama za miezi mingi.

Njia rahisi ni mpiga mbizi kushindilia bomba la plastiki angavu katika sakafu, kulifunga pande zote mbili na kulipandisha likiwa wima. Katika tope lenye afya mtaona tabaka la juu la rangi ya kahawia, lenye vishimo vya minyoo, na chini yake tope la kijivu au jeusi. Mabaki yanapozidi, oksijeni hutumika yote katika kuyaozesha, bakteria wasiohitaji oksijeni hushika zamu na kutoa gesi ya haidrojeni salfidi, na lile tabaka la kahawia hupungua hadi weusi ukafika juu kabisa. Harufu ya mayai yaliyooza haijifichi. Hatua mbaya zaidi huonekana kwa macho kabla hata ya kuchota: utando mweupe kama pamba juu ya tope, ambao ni bakteria wa jenasi Beggiatoa. Pimeni unene wa tabaka la kahawia, piga picha ya kila bomba pembeni ya rula, andikeni tarehe na kina cha maji, nanyi mtakuwa na rekodi ambayo mtaalamu yeyote ataiheshimu.

Fedha zikiruhusu, ongezeni vipimo vya salfidi na kiasi cha mabaki ya viumbe katika tope, kisha hesabu ya wanyama. Kwa hesabu hiyo hutumika chombo cha kuchota tope aina ya Van Veen, ambacho kwa kawaida huchota eneo la mita ya mraba 0.1, na tope huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 1 au 0.5. Hapa inatakiwa tahadhari. Watafiti Pearson na Rosenberg walionyesha mwaka 1978 kwamba mabaki yanapoanza kuongezeka, wanyama wa sakafuni huweza kwanza kuongezeka, na kwamba katika hali mbaya zaidi spishi nyingi hutoweka wakati mnyoo Capitella akizaana kwa maelfu. Anayehesabu idadi pekee, bila kuangalia ni wanyama gani, anaweza kusherehekea ongezeko ambalo kwa hakika ni dalili ya ugonjwa.

Kuhusu mahali, wekeni kituo kimoja katikati ya kamba, kingine ukingoni, na vingine kwa kufuata uelekeo wa mkondo, kwa mfano mita 25, 50 na 100, kwa kuwa athari za sakafuni kwa kawaida huishia makumi ya mita tu kutoka kambani. Muhimu kuliko vyote ni vituo vya ulinganisho, vilivyo mbali na shamba lakini vyenye kina na aina ileile ya tope. Viwe viwili au zaidi, maana kituo kimoja kikibadilika kwa sababu zake chenyewe, ulinganisho wote huanguka.

SWALI: Mwenzetu anataka tuongeze kamba mara 20. Tutajuaje kwamba ghuba imeelemewa?

JIBU: Anzeni na hesabu ya karatasini. Tuseme ghuba ina urefu wa kilomita 1, upana wa kilomita 1 na kina cha wastani cha mita 5, yaani mita za ujazo 5,000,000. Kome 1,000,000, kila mmoja akichuja lita 3 kwa saa, huchuja mita za ujazo 72,000 kwa siku, kwa hiyo wangehitaji takriban siku 69 kuyapitia maji yote. Wakiwa 20,000,000, siku hizo hushuka hadi 3 na nusu. Sasa linganisheni na muda ambao maji ya ghuba hubadilishwa na bahari. Ikiwa ni siku 2, hatari si kubwa. Ikiwa ni siku 10, kome wanakula haraka kuliko bahari inavyoleta, na litakalobaki kuwaokoa ni kasi ya planktoni kuzaana. Hesabu hii hukadiria uchujaji wa kome juu kidogo, kwa sababu kome hawachuji saa zote na maji yaleyale huchujwa zaidi ya mara moja.

Ghuba za Galicia nchini Hispania hubeba majukwaa ya kome zaidi ya 3,000 kwa sababu maji baridi yenye virutubisho hupanda kutoka kina cha bahari na kuotesha planktoni upya. Idadi hiyo haiwezi kuigwa mahali pasipo na neema hiyo. Baharini kwenyewe, pimeni klorofili (rangi ya kijani ya planktoni mimea, inayoonyesha wingi wa chakula) ndani ya shamba na nje yake katika saa ileile ya maji, na pimeni uzito wa nyama ya kome kila mwezi. Kome wa kamba za katikati wakidhoofu kuliko wa pembeni, chakula kimeanza kuwa haba.

SWALI: Je, tunaweza kununua vifaranga vya kome kutoka pwani nyingine?

JIBU: Ningewashauri msifanye hivyo. Kome wa Mediterania, aliyefika Afrika Kusini miaka ya 1970, ametawala miamba mingi ya pwani ya magharibi na kumsukuma kando kome wa asili. Pamoja na vifaranga husafiri pia mwani, vijidudu na magonjwa. Tundikeni kamba za kukusanyia vifaranga vya ghuba yenu wenyewe, na katika kila ukaguzi wa tope andikeni pia viumbe wageni walioota juu ya kamba na maboya.