Barua ya wavuvi wa Faza: mwandikieni Katibu

Ndugu yangu, umeuliza wavuvi wenu wa Faza, wanaosimamishwa baharini, wamwandikie nani katika Wizara ya Ulinzi, wapate kujua mashua zipite wapi karibu na kambi ya wanajeshi ya Manda Magogoni.

Mwandikieni Katibu wa Wizara, Ulinzi House, Nairobi. Yeye ni raia, na ndiye msimamizi wa fedha na shughuli za wizara. Waziri ni mtu wa sera, mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi. Humo wamo pia Katibu, Mkuu wa Majeshi na makamanda watatu, wa nchi kavu, wanahewa na wanamaji. Mkuu wa Majeshi huamrisha vikosi, na juu yake yuko Rais, Amiri Jeshi Mkuu. Jenerali hatakaa kusoma habari za nyavu za jarife, tusidanganyane.

Ila kwanza waulizeni manahodha: waliowasimamisha ni nani hasa? Hapa ndipo wengi hupotea. Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya 2018, wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, si ya ulinzi. Wakiwa ni wao, anzeni na Kamishna wa Kaunti papo hapo Lamu, mjiokolee nauli.

Andikeni jina la mashua, nambari ya usajili, saa, na mlango wa bahari mliokuwa mkipita. "Twasumbuliwa baharini" haitoshi. Na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka ofisini.