Mbona kunguru hawaishi?

SWALI: Hapa Malindi kunguru wamezidi, wananimalizia vifaranga, na hata wakiuliwa wanarudi tu. Kwa nini? – Mama wa kuku

JIBU: Pole sana dadangu. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu asili yao Bara Hindi, na wingi wao unafuata chakula, jaa likijaa mabaki ya wali na matumbo ya samaki basi makinda mengi yanakua mpaka yanaruka, chakula kikipungua mengi yanakufa njaa. Sasa ukiwaua na jaa liko wazi, waliobaki wanashiba zaidi na wanazaana kujaza pengo. Mi inaniuma, coz wanakula pia mayai ya ndege wetu wadogo. Funikeni mapipa, matumbo fukieni, vifaranga viwekee tenga.