Sanaa ya vitambaa Tanga: chukua kazi ya mahali, picha iache kwanza

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuanza sanaa ya vitambaa huja na mchoro uleule: jahazi, mnazi, jua linazama. Hakuna ubaya, ila ukiishi Tanga una utajiri mkubwa zaidi ya huo. Tazama kazi zilizofanyika hapa: mkonge ulivyokamuliwa, chuma kinavyoliwa na chumvi, maji yanavyopanda na kushuka kwenye nguzo za gati. Jifunze kazi hizo zilivyokwenda, kisha uzifanye kwa uzi na kitambaa.

Anza kwa miguu. Tembea ufukweni siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maana hapo maji hupwa mbali kabisa. Bamvua ya huku, kati ya kujaa na kupwa, hupita mita 3, kwa hiyo nguzo inayosimama majini hujigawa yenyewe: juu kutu kavu, katikati chaza waliogandamana, chini mwani. Usiishie kupiga picha. Chukua uzi, pima kila mkanda kwa shubiri, andika. Ukirudi nyumbani, ning'iniza kitambaa juu ya ndoo ya rangi na ukishushe kwa vipimo hivyohivyo, sehemu ya chini ikae muda mrefu kuliko ya juu. Hapo bahari imekupangia kazi.

Kutu ndiyo rangi ninayoipenda kuliko zote, na ni rahisi kwa anayeanza. Tafuta kitambaa cha pamba tupu, ukichemshe kwa sabuni mpaka wanga wa kiwandani utoke wote, la sivyo rangi haitashika. Kiloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukifunge barabara kwenye chuma chenye kutu, kisha ukifunike kwa nailoni kisikauke. Kesho yake fungua kona moja uangalie. Ukiona rangi ya chungwa imeingia, toa, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua siki, halafu fua. Usikiache wiki nzima kwa tamaa ya rangi kali, kwa sababu chuma huendelea kula pamba na baada ya miaka kitambaa huchanika chenyewe. Vaa glavu nene, na hakikisha umechanjwa pepopunda.

Ukitaka nyeusi, kitambaa hichohicho kiloweke kwanza kwenye chai ya rangi iliyokolea sana ndipo ukifunge kwenye chuma. Ukakasi wa majani ya chai ukikutana na chuma hutoa kijivu mpaka nyeusi ya wino. Magome ya mkandaa, aina ya mkoko, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na ni dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama ya tangu zamani pwani hii. Lakini mikoko imehifadhiwa kisheria, usiguse mti hata mmoja bila kibali. Mimi nabaki na chai.

Chuma chenyewe nunua kwa wauza vyuma chakavu. Njia ya reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 inavutia sana, najua, lakini msumari wa reli na taruma ni mali ya umma. Bandarini nako huingii wala hupigi picha bila ruhusa. Omba kwa barua. Mara nyingi utapewa, na mara nyingi utapata na mtu wa kukueleza unachokiona.

Sasa mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, Mjerumani Richard Hindorf aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida. Iliagizwa 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwa hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza dunia, na kufikia miaka ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Fikiria kitambaa kikubwa kitupu chenye mishono 62 peke yake. Natamani mmoja wenu akifanye.

Nenda kwenye shamba ambalo korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, bado inazunguka. Jani linaingia nene na la kijani, linasagwa kwa maji mengi, linatoka limebaki singa tu, yaani nyuzi zake, chini ya sehemu 5 katika 100 za uzito wake. Mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu ujana alinishika mkono akanionyesha jinsi ya kutundika singa kwenye waya: unaikunja katikati, unaitandaza kwa vidole vyote, pande mbili zinaning'inia sawa ili jua lipite. Leo naning'iniza singa zangu hivyohivyo kwenye fremu, na ndizo kazi ambazo watu husimama mbele yake muda mrefu. Ukienda, amkia vizuri, kaa chini, usianze na simu. Umlipe muda wake.

Na usisahau waliokata mkonge huo. Manamba, vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali, wakahesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi iliyotimia. Mpangilio wa kadi ile ni kitambaa tayari: visanduku 30, vingine vimetiwa alama, vingine vitupu. Ukiutumia, andika pembeni ya kazi yako ulitoka wapi. Mnunuzi asiupeleke nyumbani akidhani ni urembo wa vyumba vya draftini.

La mwisho ni la kabatini. Vitambaa vya kutu viweke peke yake, vikiwa vikavu kabisa, kila kimoja kwenye karatasi nyeupe, maana unyevu wa pwani ukivifikia hupaka kutu vitambaa vya jirani. Singa zikunjue kila baada ya mvua za masika uzianike kivulini, kisha ndipo uzirudishe.