Skii kwa anayeanza: egemea mbele

Kijana wa Ujiji anayekwenda kusoma Norwei ameuliza kama skii ndefu, zile mbao za kufunga miguuni na kuteleza kwenye theluji, zitamsaidia kujua haraka. Hapana, mdogo wangu. Za kukufika kidevuni zinatosha, tena za kukodi. Shughulikia buti kwanza.

Buti la skii hubana. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti virudi nyuma kidogo, na kisigino kisinyanyuke. Vaa soksi moja ndefu, nyembamba. Wanaovaa mbili kwa kuogopa baridi ndio wanaokufa ganzi, maana damu haipiti. Vifungio, vinavyoshika buti kwenye skii, mwachie fundi wa duka. Mwambie uzito, kimo, umri na kwamba ndiyo unaanza; kwa hayo anapanga kifungio kiachie mguu kwa nguvu ipi unapoanguka. Ukijikweza, goti litalipa.

Kisha mwili: magoti yamekunjwa, mikono mbele unapoiona, ugoko umeegemea ulimi wa buti. Hapa ndipo wengi hufeli. Anayeshuka kutoka Mwanga ya Kigoma kwenda stesheni hujivuta nyuma, na kwa miguu ni sawa. Kwenye skii, ukijivuta nyuma uzito unahamia mikiani, yaani nyuma ya skii, ncha za mbele zinakuwa nyepesi na hazishiki theluji, hupindi, husimami. Mapaja yakichoka nayo hukurudisha nyuma, kwa hiyo kabla ya safari egemea ukuta magoti yakiwa nyuzi 90, sekunde 30, mara tatu kila siku. Kigoma haina theluji, lakini kuta zipo!

Kupunguza mwendo, karibisha ncha hadi ibaki nafasi ya kiganja, sukuma visigino nje, skii zilalie kingo za ndani. Panua mikia zaidi, utasimama. Ncha zikipandana, umeanguka. Kupinda kulia, kandamiza mguu wa kushoto. Kushoto, wa kulia. Mabega yatulie.

Mwendo ukikushinda, jiangushe ubavu, upande wa mlimani, bila kutanguliza mikono. Kuinuka, weka skii chini yako zikikata mteremko. Zikitazama bondeni zitaondoka nawe kabla hujasimama.

Fimbo ziache mwanzoni. Njia hupewa rangi kwa ugumu: anzia za kijani, kisha bluu. Nyekundu na nyeusi, achana nazo. Aliye mbele yako ana haki ya njia, kumkwepa ni kazi yako. Ukipumzika, kaa pembeni, kamwe si nyuma ya kilima ambako anayeshuka hakuoni.