Pakiti ni ya lita ngapi?

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anaharisha maji matupu tangu jana. Nilimkorogea pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye chupa ya nusu lita ili iwe kali, lakini naona anazidi. Nimpe Flagyl?
Mama wa Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Mama, pole. Tatizo ni hiyo chupa. Soma pakiti: ile ya gramu 20.5 ni ya lita 1 kamili, yaani chupa zako mbili. Ikiwa nzito, sukari na chumvi huvuta maji ya mwili kuyaingiza utumboni. Mtoto huharisha zaidi na chumvi hupanda kwenye damu. Mwaga, koroga nyingine kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiongeze sukari wala soda. Saa 24 zikipita, mwaga iliyobaki.

Mnyweshe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uendelee kijiko kwa kijiko. ORS haifungi tumbo, inarudisha maji. Hata kwenye kipindupindu, ambako sumu ya bakteria huulazimisha utumbo kumwaga maji, njia inayopitisha glukosi (sukari) na sodiamu (ya kwenye chumvi) kwa pamoja hubaki nzima, na maji hufuata humo.

Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. (Wengi huacha choo kikishika tu, msiache.) Anyonye na ale kama kawaida.

Flagyl iache. Inatibu vimelea vya amiba na giadia, haitibu kipindupindu wala Shigela (bakteria wa kuhara damu). Ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana huenda ni Shigela, nayo ina antibayotiki zake.

Finya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, uachie. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, au macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, usingoje kesho. Nenda naye ukimnywesha njiani kama anameza.

SWALI: Na pakiti zikikosekana dukani?

JIBU: Maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kiwe kimesawazishwa kwa kisu, kisiwe na kilima. Onja kabla ya kumpa: ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.