Njaa ya Kurudi Nyanguge

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, anayefanya mazoezi hula vizuri kuliko asiyefanya? Kwangu jibu ni hapana, na nimelipata barabarani kati ya Igoma na Nyanguge, huku kwetu mkoani Mwanza.

Mimi ni fundi cherehani, siku sita za wiki nimekaa. Jumamosi alfajiri natoka na wenzangu kwa baiskeli tukishika njia ya Musoma, kama saa tatu kwenda na kurudi. Mwanzoni nilikuwa naondoka na chai ya rangi na andazi moja. Siku moja tukirudi, kufika Kisesa miguu ikagoma, jasho la baridi likanitoka, macho yakaingia giza. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa) alinikalisha kwenye kigoda chake, akanipa vipande vichache na maji. Baadaye ndipo nilipoelewa: misuli na ini huweka akiba ya wanga, lakini akiba yenyewe ni ndogo, na safari ikipita saa moja lazima uiongeze. Tangu hapo sikosi ndizi mbivu mbili na matobolwa mfukoni, na nakula kabla sijasikia njaa.

Hilo nililishika upesi. Lililonishinda ni la baada ya safari. Tukishuka Igoma, chipsi zinanukia, na kila mmoja anasema, "Leo tumefanya kazi!" Chipsi mayai, soda, halafu soda nyingine. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Kwa Jumamosi peke yake labda isingenidhuru sana, maana mtu wa kilo 70 huchoma kalori 400 hadi 500 hivi kwa saa ya mwendo wa kawaida. Lakini tabia ile ilinifuata mpaka Jumatano, siku ambayo sijagusa pedali. Nilikuwa nakula kama mtu aliyetoka Nyanguge, kumbe nimetoka kwenye cherehani. Mwaka ulipoisha, uzito ulikuwa umeongezeka.

Shemeji yangu ni karani na hajapanda baiskeli tangu aache shule. Anabeba hotpoti yake kila siku: ugali wa dona, dagaa wa soko la Mwaloni, mlenda au matembele, na chungwa. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anapata na madini ya chokaa. Sahani yake inaishinda yangu kwa mbali, nasema hivyo mbele ya dada yangu anayeipika. Namsihi tu atembee, maana Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na yeye hafikishi hata 30.

Mimi nimebadilisha Ijumaa. Usiku huo napika maharage na kukaanga dagaa, nachambua mchicha kabisa. Jumamosi tukifika Igoma nawaaga wenzangu bila kushuka kwenye baiskeli, nyumbani kumebaki kusonga ugali tu.