Mlioandika "Vifaa Mchanganyiko" Kwenye Fomu

Jumamosi iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliojitolea kupokea kazi za maonyesho ya sanaa ya kisasa ya wasanii wa kanda yetu hapa Ohio, Marekani. Kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi na vitu vingine, zilizoletwa na vijana wetu waliotoka Afrika Mashariki zilikuwa nzuri kiasi cha kunitia fahari, lakini karibu kila fomu ilikuwa na maneno mawili tu katika nafasi ya vifaa: "vifaa mchanganyiko." Nilipogeuza kazi moja ili nikague ndoano, vumbi la majani makavu lilimwagika juu ya meza nyeupe. Kijana aliyeileta alilifuta upesi kwa kiganja, akasema, "Samahani dada, si kitu." Nimewahi kulifuta vumbi kama hilo na kusema maneno hayohayo, ndiyo maana nawaandikia.

1. Taja kila kilichomo ndani ya kazi, hasa kilichotoka kwenye mti.

Mwaka wangu wa tatu nchini Marekani niliuona mti ambao wenyeji huuita honey locust, umesimama kando ya mto, una miiba mirefu na vijani vidogo vilivyojipanga kama vya mgunga. Mimi ni mtoto wa Dodoma, na nilisimama chini yake muda mrefu bila kujali baridi. Oktoba ile niliokota mfuko mzima wa maganda yake ya kahawia yaliyojisokota, nikayabandika kuwa kingo za mto mkavu katika kolaji ya sentimita 120 kwa 90, na ardhi iliyopasuka nikaitengeneza kwa karatasi nilizozipaka rangi ya akriliki mwenyewe. Jopo liliichagua. Yalikuwa maonyesho yangu ya kwanza katika nchi hii, na nilimpigia mama simu usiku wa manane, kwake kukiwa asubuhi.

Fomu iliuliza kama kazi ina mbegu, majani, udongo au kitu chochote cha asili ambacho hakijatibiwa. Niliweka alama kwenye "hapana." Nilijua jibu la kweli. Niliogopa kwamba wakisikia habari ya mbegu wataiondoa kazi yangu na kumpa nafasi mtu asiyewasumbua, nami nilikuwa nimechoka kuwa mgeni ambaye kila ofisi anayoingia lazima ajieleze mara mbili.

Ilikuwa Januari, na ukumbi ulikuwa umepashwa joto mchana na usiku. Wiki ya pili nikapigiwa simu. Maganda yalikuwa yametoboka vitundu vya mviringo, unga umemwagika sakafuni, na fukusi walikuwa wakitembea juu ya kioo cha kazi ya jirani yangu, mama mmoja mzee aliyekuwa amechora ndege wa Ziwa Erie kwa rangi za maji. Kazi zote za ukuta ule zilishushwa na kufungwa kwa plastiki. Yangu ilipelekwa kwenye friza. Fukusi wa aina ile hula mbegu za mti wao, hawali karatasi wala kanvasi, lakini msimamizi angejuaje, ikiwa fomu yangu ilikuwa imemwambia kwamba hakuna mbegu? Jumapili iliyofuata wajukuu wa yule mama walisafirishwa kutoka mbali kuja kuona kazi za bibi yao, wakakuta misumari mitupu.

Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinipa chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini hukusema?" Swali hilo sijapata kulijibu. Baadaye msimamizi alinionyesha utaratibu wao kwa wanaojibu "ndiyo": unaifunga kazi vizuri kwa plastiki, unaigandisha kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, unaiacha irudie joto la chumba kabla ya kuifungua, basi. Nilikuwa nimeogopa karatasi ya ukurasa mmoja.

2. Ukibandika karatasi upande mmoja wa plaiwudi, bandika na upande wa pili, la sivyo ubao utapinda.

3. Iache kazi wiki mbili katika chumba chenye hita kabla ya kuipeleka, kwa sababu hewa kavu ya majira ya baridi hufumua kingo ambazo Agosti zilionekana zimeshika. Gazeti la kawaida litageuka manjano hata ukilipaka vanishi, hivyo kama unalipenda lile la nyumbani, lichapishe upya kwenye karatasi isiyo na asidi na uihifadhi nakala halisi.

4. Maelezo ya msanii yataje kitu, mahali na sababu. Nimesoma kwenye fomu zenu "roho ya asili ya Afrika" mara nyingi mno, na haiwafai, kwa maana kazi zenu zina mengi zaidi ya hayo. Mtazameni Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusoma sanaa Makerere. Kolaji zake za wanyama na maisha ya kijijini zilitoka kwenye pakiti za unga na karatasi za sabuni, na ukizikaribia unaona hata herufi za pakiti. Alifariki mwaka 2021 akiwa Ireland, mbali na kwao kama sisi. Pakiti ya unga ni pakiti ya unga, na heshima ya kazi yake haikupungua kwa kutajwa hivyo.

5. Ndoano zifungwe kwenye fremu, kamwe zisifungwe kwenye ubao mwembamba.

Yule kijana nilimkalisha pembeni, nikampa fomu mpya na kalamu. Aliandika polepole, akauliza mwaloni unaendelezwaje kwa Kiingereza, akajaza nafasi yote ya vifaa na kuendelea pembeni mwa karatasi: karatasi iliyopakwa akriliki, majani ya mwaloni yaliyookotwa Septemba nyuma ya nyumba yetu, gome, kipande cha kanga ya bibi, gundi nyeupe. Kazi yake imo kwenye friza hadi Ijumaa.